Kisanduku cha Aliyerukwa

Makote, Newala
Ijumaa, 12 Julai 2024

Mpwa wangu Scholastika,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Hapa hatujambo. Baridi ya mwezi huu imetushika kweli. Mke wangu Wema haondoki jikoni mpaka ukungu uishe, na akitoka anatoka amejitanda kanga mbili. Mikorosho imeanza kutoa maua na tunapiga salfa, kwa hiyo ukiona karatasi ina vumbi la njano usishangae. Masikio yangu ni yale yale. La kushoto limeshafunga duka, la kulia linafungua likipenda. Ndiyo maana nakukataza kupiga simu. Juzi ulipiga nikasikia kama mtu anakaanga mihogo, mtu mzima nikabaki naitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo nisilolijua. Wewe andika, mpe dereva wa gari la asubuhi la kupanda Newala, mimi nitaipata.

Sasa. Nimesikia sokoni, tena kwa Shakila muuza dagaa, kwamba kuna kijana wa Chiungutwa anaitwa Nikolao ameleta posa kwa baba yako, na imepokelewa. Nimesikia pia kwamba jogoo wa mjomba alitoka Masasi akapelekwa Lukuledi kwa mdogo wangu Fortunatus, na Fortunatus akamla. Mimi ndiye kaka mkubwa wa marehemu mama yako. Kwetu habari ya namna hiyo haiandikwi na wala haipigiwi simu. Mama wa binti huondoka kwake, akaja kwa kaka yake mkubwa, akaisema kwa mdomo, ndipo jogoo akafuata. Lakini sisemi kitu. Sitaandika neno hata moja juu ya jambo hilo, nimenyamaza.

Nimekuandikia kwa shida nyingine kabisa. Darasa langu la watu wazima la Jumapili mchana bado lipo, na nataka kuwafundisha somo la wajomba. Ulipokuja Pasaka ulijisifu kwamba ofisini kwenu, hapo mnapotafsiri Maandiko kwa Kimakonde, kuna programu ya kompyuta isiyotafuta maneno tu, inatafuta nani kamtendea nani nini. Haya, iwashe. Nitafutie kila mahali katika Biblia ambapo kaka wa mama anamtendea jambo mtoto wa dada yake. Kila mahali, usinichagulie. Nina sababu zangu.

Mjomba wako, ambaye bado yu hai na hajahama Makote,
Dastani


Masasi
Jumanne, 30 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe mkaza mjomba Wema, mwambie mafuta ya mgongo nimeyapata, nayaweka ndani ya bahasha hii. Baba hajambo, presha inapanda na kushuka lakini anakula. Kazini tuko Injili ya Marko na tumechelewa, kila mtu ana uso wa mgeni aliyekosa gari.

Lile ulilosema huliandiki, nami siliandiki. Nimekuelewa.

Haya ya kompyuta. Kwanza niliandika "mjomba" kwenye Biblia ya Kiswahili, programu ikaniletea vijistari vya kuhesabika kwa vidole. Nikajua huko hakuna kitu, maana Kiswahili chake kinatafuta neno kama lilivyo, basi. Ile ya nani kamtendea nani iko kwenye Kiebrania na Kigiriki tu. Wataalamu wamekaa wakazikata sentensi zote vipande vipande, kila kipande na mtendaji wake na tendo lake. Hivyo ndivyo vishazi. Kila kishazi wamekibandika alama, kwamba huyu ndiye mtendaji, huyu ndiye mtendwa. Hata pale penye "akamwambia" tu bila jina, ukigusa inakuonyesha ni nani aliyemwambia nani. Mimi Kiebrania sijui hata salamu, lakini kuna visanduku. Unajaza cha mtendaji, unajaza cha tendo, cha mtendwa, unabonyeza.

Ukisikia hivyo unaona rahisi, eti? Nimejaza "kaka" kwenye mtendaji, wakaja kaka wote wa Israeli na ng'ombe zao, kompyuta ikaganda. Nilipoiwasha tena umeme ukakatika. Uliporudi, programu ikadai kusasishwa, na intaneti yetu unaijua, inatembea kama mtu mwenye mwiba. Kesho yake nafungua, naambiwa leseni ina mtu mwingine, kumbe mwenzangu chumba cha pili ameingia nayo hataki kutoka. Mratibu wetu naye akapita nyuma yangu akauliza wajomba wanahusiana nini na Marko. Nikamfungulia Marko haraka.

Nilichopata ni hiki. Mjomba anayeitwa wazi kaka wa mama pale pale anapotajwa kwa kazi zake ni Labani, kaka yake Rebeka, na mpwa wake Yakobo. Wengine ni wale wajomba wa Abimeleki kule Shekemu, waliomsemea kwa watu mpaka akawa mfalme, naye akawamaliza ndugu zake. Nimekuchapia vishazi vyote ambavyo watendaji ni hao. Samahani kama siyo uliyotegemea.

Mpwa wako anayekosana na mashine kwa ajili yako,
Scholastika


Makote
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Scholastika,

Marahaba. Wema anashukuru mafuta, mgongo umelegea na sasa analima kuliko mimi. Maua ya mikorosho yanaridhisha, ukungu usipotuharibia. Bimdogo, jirani yetu, amepata mjukuu.

Labani! Mtoto wewe! Nimekuomba wajomba, umeniletea tapeli! Mtu aliyemfanyisha kazi mpwa wake miaka yote ile, akamwingizia mke siye usiku wa harusi, akambadilishia ujira kila alipojisikia. Na hao wengine umewatoa wapi, wamchague muuaji? Nilisimama mbele ya darasa na karatasi yako mkononi, nimevaa koti, nikaanza kusoma. Nilipofika katikati mzee Petro akasema, "Katekista, bora hata ungetufundisha habari za mashemeji." Wakacheka wote. Sikusikia vicheko, lakini niliona meno.

Hiyo mashine yenu au ina kasoro au anayeibonyeza hana haraka. Tafuta tena. Sasa nataka mahali ambapo mjomba mkubwa alirukwa, akaendewa mdogo. Lazima pawepo. Kitabu kinene namna ile hakiwezi kukosa.

Na kwa kuwa umeuliza, ingawa hukuuliza, barabara ya kupanda huku haijafungwa. Magari yanapita asubuhi na jioni. Shakila anashuka Masasi kila wiki na kurudi na ndoo zake, na hajawahi kulala njiani.

Nimeambiwa pia harusi ni Desemba, tarehe ishirini na nane. Sokoni tena. Mimi sigombi na mtu, ila nakuambia mapema ili kamati yenu isipate tabu. Kiti cha mjomba mkubwa siku hiyo kitakaa kitupu mbele za watu wote, na Fortunatus asithubutu kukikalia. Ukiingia kanisani utaingia bila mtu wa upande wa mama yako wa kukutoa. Ndivyo mlivyotaka.

Dastani, wa Makote, kama kuna anayekumbuka njia


Masasi
Jumapili, 29 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimechelewa kujibu. Hatujambo, baba hajambo. Sina habari nyingine za nyumbani, na hata ningekuwa nazo leo sina moyo wa kuzipanga.

Nilitaka nisikuandikie kabisa. Barua yako niliisoma kazini nikalia mbele za watu, mratibu akadhani kuna msiba. Unaniambia nitaingia kanisani bila mtu wa upande wa mama. Uliandikaje hivyo mjomba? Ulikunja karatasi ukaibandika ukampa dereva, hukuona vibaya?

Halafu unanituma nitafute aliyerukwa. Nimekaa na hiyo kazi jioni zote baada ya wenzangu kutoka. Nimejaza mtendwa "mkubwa", nimejaza tendo la kupita, la kuacha, la kusahau. Jibu ni lile lile, hakuna matokeo, hakuna matokeo. Mashine hii inatafuta lililoandikwa kwamba fulani alifanya. Haina kisanduku cha aliyerukwa! Mtu ambaye hakuambiwa hana kishazi chake, nitampata wapi? Nimebonyeza mpaka nikatamani kuitupa dirishani, na ingekuwa yangu ningeitupa.

Sasa ngoja niandike yale tuliyosema hatuandiki, maana nimechoka. Baba hakukudharau. Baba ni Mngoni wa Songea, kwao baba akishakubali mambo yamekwisha, na kwake yeye mjomba ni mjomba, hana mkubwa wala mdogo. Aliambiwa lazima jogoo aende kwa mjomba, akatazama yupi yuko karibu, akampakia jogoo kwenye bodaboda kwenda Lukuledi. Anayejua mila ni mjomba Fortunatus, na yeye alimla kuku akafuta mdomo akasema ahsante. Mgombeze huyo! Mimi nilirudi kutoka kazini nikakuta mambo yameshaisha. Tangu siku hiyo nimeogopa uso wako.

Na umesema mama wa binti ndiye huondoka akaja kwa kaka yake. Mama yangu yuko wapi, mjomba? Uliushika mkono wake mpaka mwisho, wewe mwenyewe. Nani angekuja?

Nimeweka karatasi moja ndani. Nilipochoka kutafuta wewe ulichotaka, nilijaza Labani kwenye mtendaji na kusema kwenye tendo, basi tu, nimsikie anajiteteaje. Katika maneno yake yote kuna mahali anamwambia Yakobo kwamba kwao haiwi hivyo, kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Alikuwa anasema habari za binti zake, na alikuwa anajisafisha, najua. Ila nilipoiona nilikukumbuka. Sijui kwa nini nakupa silaha.

Scholastika, binti wa Rose


Makote
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Binti wa Rose,

Marahaba. Tumeanza kuokota korosho. Mabibo yamejaa shambani na nyuki wametawala, mtu haingii bila kujifunika. Wema anasema ningoje hasira ishuke ndipo nikuandikie. Nimengoja, imeshuka kidogo.

Hata tapeli alijua! Nilimsomea Wema karatasi yako mara baada ya kuipata, nikaipiga meza. Hata Labani, pamoja na ubaya wake wote, alijua kwamba kwa watu wenye kwao mdogo hatangulii mkubwa. Nikainakili sentensi hiyo kwa herufi kubwa nikampelekea Fortunatus Lukuledi, bila salamu. Unajua alichofanya? Ameniletea kuku! Kuku jike, tena wa kisasa, miguu mitupu, kafungwa kamba juu ya mizigo ya watu. Nimemrudisha kwa gari lile lile. Mimi sidai kuku. Watu wote wa Masasi na Lukuledi wanadhani mzee wa Makote ana njaa.

Baba yako nimemsamehe, mwambie. Mtu akikosea njia asiyoijua hagombezwi. Yale ya kanisani niliyokuandikia yalinitoka. Wema ameisoma nakala niliyobaki nayo akaninyima chai.

Umeuliza nani angekuja. Swali hilo nimeliona, na silijibu. Nikilijibu nitakuwa nimejiombea mwenyewe, na mjomba hajiombei. Hata kama anataka. Hata kama anakaa barazani kila gari likisimama pale njia panda na anaona wanashuka watu wa wengine.

Tafuta vizuri, Skola. Miezi yote hii umekuwa unanitafutia mjomba alifanya nini. Mimi nilikuagiza hivyo, na pengine niliagiza vibaya.

Dastani


Masasi
Alhamisi, 21 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mvua za kwanza zimepiga hapa, tope mpaka mlangoni. Kanisani wameanza kututangaza Jumapili iliyopita. Waliposoma jina langu nilitazama benchi la mbele upande wa kina mama nikajisikia mdogo sana.

Barua yako niliiweka chini ya kibodi ya kompyuta na kazi za Marko zikanimeza. Jana tumekabidhi. Wenzangu wakaenda kunywa soda, mimi nikafungua programu. Leseni ilikuwa na mtu, bila shaka. Nikaenda chumba cha pili nikamwambia mwenzangu atoke, leo siombi, akatoka.

Nikavigeuza visanduku. Kwenye mtendaji sikumweka mjomba tena, nikamweka mtoto wa dada. Tendo nikaliacha wazi, nione mtoto wa dada alifanya nini.

Yakobo yumo. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa mjomba wake, akalia, akamweleza mambo yote. Abimeleki yumo pamoja na ubaya wake, na yeye alikwenda Shekemu mwenyewe akasema nao. Na mjomba, kuna mwingine ambaye hatukumwona, kwa sababu katika kishazi chake mjomba hafanyi kitu, amefungwa. Ni Paulo! Mtume Paulo alikuwa mjomba! Yuko ngomeni, watu wamekula kiapo wamuue, na mtoto wa dada yake kasikia. Vishazi vyake ni vifupi vifupi, vimepangana kwenye kioo, alisikia, akaenda, akaingia ngomeni, akamwambia Paulo. Hata jina lake hawakuliandika. Huyo ndiye wa darasa lako, mwambie mzee Petro anyamaze.

Nikavisoma tena kimoja kimoja. Wote walikwenda. Walio wema na walio wabaya, hakuna aliyetuma mtu, hakuna aliyeandika. Na mimi tangu mwezi wa saba nabonyeza kompyuta nikuchapie wajomba, na gari la Newala linapita mbele ya ofisi yetu kila asubuhi. Nimejionea hasira mpaka nikacheka peke yangu.

Barua hii siipeleki kwa dereva. Jumamosi naja nayo mkononi, pamoja na jogoo, wa kienyeji. Nitakupa baada ya kusema, uisome nikishaondoka.

Mwana wa dada yako,
Scholastika


Makote
Jumanne, 26 Novemba 2024

Mpwa wangu Skola,

Marahaba, mwanangu. Natumaini ulifika salama na lile gari halikuzama pale kwenye mteremko. Wema anauliza kama ming'oko, ile mizizi ya porini aliyokufungia, ilifika mizima au watoto wa baba yako waliivamia stendi.

Jogoo alikuwa mgumu kama mratibu wenu, lakini tulimmaliza. Shingo nimemwekea Fortunatus. Amekuja jana mwenyewe, kwa miguu kutoka njia panda, kofia mkononi. Nilimwacha asimame kidogo kisha nikamkaribisha. Ni mdogo wangu, nitafanyaje?

Barua yako nimeisoma kama ulivyoagiza, na darasa Jumapili lilikuwa zuri. Niliwafundisha Paulo. Mzee Petro alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini mtume mkubwa vile hakujua mwenyewe kwamba anawindwa. Nikamjibu alikuwa ndani, hasikii ya nje, mpaka aje wa kumwambia.

Mwambie baba yako nitashuka tarehe ishirini na saba, na kiti changu kisiwe cha plastiki. Nikolao aje anione kabla, nimtazame.

Kuna jambo moja sikulisema ulipokuwa hapa, kwa sababu Wema alikuwa jikoni na mlango uko wazi. Uliposhuka, ulikaa mkekani, ukapiga goti vizuri, ukasema, "Kaka mkubwa wa mama, nimekuja kukuambia mwenyewe." Nikaweka mkono sikioni nikasema, "Eeh?" Ukarudia kwa nguvu. Nikasema tena, "Eeh?" Ukapaza sauti mpaka Bimdogo akaacha kubangua korosho zake akaja uani na mjukuu mgongoni, na kuku wakakimbia, na wewe ukaanza kulia kwa hasira ukidhani masikio yangu yamekufa kabisa.

Yalikuwa hayajafa. La kulia lilikuwa wazi asubuhi ile, nilikusikia vizuri mara ya kwanza. Ila ulipolitamka hilo "kaka mkubwa", ilikuwa sauti ya Rose. Ile ile, na kijikwaruzo chake mwishoni. Sijaisikia tangu tulipomzika. Nikataka uendelee.

Usimwambie Wema.

Mjomba wako mkubwa,
Dastani